Bahasha Niliyokuambia Nimeituma

Kemunto,

Salamu tumepeana asubuhi kabla ya kanisa, tukapeana tena kanisani mbele ya watu kana kwamba ni wageni, kwa hiyo hapa sitaanza na hujambo. Umeenda Sironga kumuaga shangazi yako na umesema utarudi kabla jua halijazama. Mama yako amelala kidogo, au anajifanya amelala. Mimi nimekaa mezani na lile daftari langu la kuandikia mawe na saruji, nimerarua kurasa za katikati, na kalamu inaandika inapojisikia. Leo ni Sabato. Nyanya yako angekuwa hai angeniuliza kama kuandika si kazi. Ni kazi, wacha nikuambie. Afadhali kuchanganya zege.

Kesho alfajiri unaondoka kwenda kuanza uuguzi. Mambo ya kujifunika, ya kula vizuri, ya kutoazima watu sufuria, mama yako ameshakuambia mara saba, na ya nane atakuambia mguu wako mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo lingine, na nimelizunguka mwezi mzima kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii naongea tu, kukiandika kunanishinda. Shuleni tulichapwa tukikisema, sasa nani angetufundisha kukiandika? Halafu kwa mdomo sitaweza. Unanijua. Nikibanwa naanza kuzungumzia mvua.

Wacha nianze na siku ile tuliyoenda Ikonge mimi na wewe, maana hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika na mpaka leo hakijatulia. Ulikuwa umepata barua ya kuitwa uuguzi, baada ya miaka mitatu ya kusimama kwenye duka la dawa pale Nyamira. Ulikuwa na furaha, ulininunulia chai na mandazi. Tukaingia saiba, lile duka la kompyuta za kulipia, kuomba ufadhili wa serikali. Yule dada akabonyeza, akabonyeza, akatuangalia, akabonyeza tena. Kisha akasoma kwa sauti ndogo: ombi halikubaliki, mwombaji ameshafadhiliwa.

Nikamwambia, "Alifadhiliwa kwa kozi nyingine, na hata hakuimaliza."

Akasema, "Mzee, mashine haiulizi kama ulimaliza. Inauliza kama ulianza."

Ala! Nikamuuliza, mtu akinipa pesa za kujenga nyumba nikaishia kwenye madirisha, huyo mtu ana nyumba au hana nyumba? Dada akacheka. Wewe hukucheka. Uliangalia ile skrini kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtu anayemjua.

Sikuelewa, na ndiyo maana wiki iliyofuata nilikuburuta mpaka Kisii mjini, kwenye ile ofisi ya ghorofani. Nilifikiri nikiongea na binadamu mwenye macho ataelewa. Na kweli yule mama wa miwani alikuwa mpole, Mungu ambariki, alitukalisha. Akatueleza polepole kwamba ufadhili ni wa kozi moja, kwamba ile miaka miwili uliyosoma hesabu za bima imeshahesabiwa, imeliwa. Nikauliza imeliwa na nani. Hakucheka. Akasema mwanafunzi akiacha mwenyewe katikati, njia inafungwa, na hata mkopo wa ile miaka utadaiwa siku moja. Kisha akasema lile neno. Akasema, "Angehamishwa mwaka ule wa kwanza, kabla muda wa kuhama haujaisha, ufadhili ungemfuata huko huko kwenye uuguzi. Kwani hakuomba?"

Ukageuka ukaniangalia. Ukamjibu, "Niliomba, mama. Chuo kingine kilikuwa kimenikubali. Fomu ya mzazi ikapotelea njiani. Si ndiyo, Tata?"

Na mimi, mtu mzima, mzee wa kanisa, nikasema, "Watu wa mizigo hawa, wacha tu."

Kemunto, haikupotea njiani. Sikuituma.

Nimeandika hayo maneno nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Mama yako amefungua jicho moja akalifunga. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, lakini usidhani naelewa ninachokueleza. Kuna mambo mtu huyafanya kwa mikono yake mwenyewe, halafu akiulizwa kwa nini, anabaki kuangalia mikono.

Unakumbuka sherehe ya kukupeleka chuo. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Matokeo ya nafasi za chuo yalikuwa yametoka, ukanifuata pale nilipokuwa napiga plasta choo cha shule, ukasimama juani, ukasema, "Tata, hii kozi siijui. Mimi nataka uuguzi. Acha nisubiri." Nikakuambia nafasi ya serikali haikataliwi, wengine wanalia wakiitafuta. Ukweli ni kwamba hema lilikuwa limeshakodiwa. Kadi zilikuwa zimeshagawanywa mpaka Kenyenya kwa wajomba zako. Mchungaji alikuwa ametangaza mara mbili. Nilijiuliza, nikiwaita watu tena niwaambie nini? Kwamba msichana amebadilisha mawazo? Kwetu mtoto akiitiwa watu, si mtoto wako peke yako tena. Kila aliyeweka mia mbili kwenye karai la mchango ameweka na matumaini yake humo.

Hata mimi ile kozi sikuijua. Nilimwambia mshereheshaji aseme unaenda kusomea ukubwa wa benki. Watu wakapiga vigelegele. Baba yako mkubwa Ombati, kaka yangu, akasimama na ile fimbo yake, akatoa ndama dume mbele ya watu wote, akasema, "Huyu ni mtu wetu wa benki. Nikizeeka nitaingilia mlango wa nyuma, sitapanga foleni." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Wewe ulikuwa umevaa lile gauni la samawati, ukainamisha kichwa, na mimi nikadhani ni adabu.

Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa bahasha ikafika Nyamira kutoka kwako. Fomu moja tu. Kwa sababu hukuwa umefikisha umri wa kitambulisho, walitaka sahihi ya mzazi na mhuri wa chifu, irudi chuoni ndani ya wiki mbili. Uliandika kijikaratasi ukakibana juu: "Tata, tafadhali. Mimi huku nimepotea." Nilikisoma nimesimama. Nikasikia vibaya, sitakuongopea. Nikatia sahihi siku hiyo hiyo, Alhamisi, nikakunja fomu nikaitia mfuko wa koti, nikashika njia ya kwa chifu.

Kabla sijafika kituo cha kununulia chai nikakutana na Ombati. Akaniuliza, "Na yule mtu wetu wa benki anaendeleaje huko?"

Nikasema, "Anaendelea vizuri."

Ndiyo hayo tu. Tukaongea habari ya mbolea, tukaagana. Yeye akapanda na njia yake, na mimi miguu yangu ikageuka ikarudi nyumbani. Nilijiambia nitaenda kesho. Kesho yake kukanyesha. Siku iliyofuata ikawa Sabato. Jumapili ofisi ya chifu imefungwa. Jumatatu nikapata kazi ya ukuta Keroka, na fundi akiitwa kazi hakatai. Ndivyo siku zilivyokwenda. Ukiniuliza leo ni siku gani niliamua kutokutuma ile fomu, sijui. Naitafuta hiyo siku siioni. Labda ningeamua kabisa, nikapiga meza nikasema hapana, ningekuwa na kitu cha kutubu. Sasa natubu nini? Mvua?

Ukapiga simu. "Tata, umeituma?" Nikasema nimeituma na gari la saa nne. Hata saa niliitaja! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka mitano, na imepita mahali pabaya.

Fomu ilipokosa kufika ulikuja kutoka chuoni, siku nzima barabarani, ukaenda moja kwa moja kwenye ile ofisi ya mizigo Nyamira, na mimi nikakufuata, nitafanyaje? Ukamfokea yule bwana mwembamba wa kaunta. Sikuwahi kukusikia ukifoka, wewe mtoto mpole, watu wakageuka barabarani. Akaomba risiti. Ukaniangalia. Nikasema risiti ilifuliwa pamoja na suruali. Ukalia pale pale ukiwa umeegemea kaunta, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika kofia, na fomu ilikuwa nyumbani ndani ya sanduku la bati, chini ya karatasi za shamba, ina sahihi yangu na haina mhuri. Njiani kurudi ulinishika mkono ukaniambia, "Si kosa lako, Tata."

Nataka nikueleze kitu kuhusu kazi yangu, si kukufundisha, umeshafundishwa vya kutosha na watu wasiojua. Wewe hujazaliwa, nilijenga nyumba ya mtu kule Kenyenya. Msingi niliupima nikaona kona moja imekwenda kando kidogo, upana wa vidole vitatu. Kidogo tu. Kuibomoa ile kona ni kazi ya siku moja. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameshawaalika watu Jumapili ile waje kuombea msingi, mbuzi amefungwa tayari, na mimi nilikuwa fundi mpya ninayetaka jina. Nikasema nitairekebisha juu kwa juu. Nikapandisha ukuta. Kila kozi ya mawe, kila mstari, nairudisha kidogo, najidanganya kidogo. Tulipofika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ukuta ukapasuka toka juu mpaka chini, na mvua ya kwanza ikauangusha. Nilijenga tena bure miezi miwili, nakula kwa mwenye nyumba kama mfungwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako: Nyaboke, mimi sitaogopa tena siku iliyotangazwa. Nitaogopa ukuta.

Lo! Maneno mazuri kweli. Ukaja wewe, kona ikaenda kando, na nikaogopa siku iliyotangazwa kuliko ukuta, vile vile, kama mtu ambaye hakuwahi kuangukiwa na jiwe. Sasa niambie somo lilikuwa na faida gani. Nilidhani mtu akishaumia amejifunza. Kumbe mtu hujifunza mawe, lakini mtoto wake anapoletwa mbele yake anakuwa mjinga upya.

Ulisoma miaka miwili. Uliporudi na begi lako na ile karatasi ya matokeo yenye mistari mingi ya kufeli, nilikuwa nimekaa na watu wawili wa kanisa. Sitasahau nilichosema, na najua wewe hujakisahau. Nilisema, "Umekula pesa za watu, umerudi mikono mitupu." Mbele ya wageni. Uliweka begi ndani, ukachukua kikapu, ukaenda kuchuma chai mpaka giza likakukuta. Mama yako alinikalia kimya siku nne. Nilidhani ananikasirikia kwa ukali wa maneno tu, maana naye alikuwa hajui. Mimi peke yangu nilijua ni nani aliyekula. Na bado nilikasirika, Kemunto! Hapo ndipo nisipojielewa kabisa. Hasira ilikuwa ya kweli. Nilikukasirikia kwa moyo wote kwa kushindwa kubeba mzigo niliokutwika mimi, na usiku nililala vizuri. Mtu wa namna gani hulala vizuri?

Haya. Baada ya yule mama wa miwani, nilimwendea Ombati. Nilifikiri labda tuwaite watu tena, kidogo tu, ukoo peke yake. Ombati amezeeka sasa, anasikia kwa sikio moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mokaya ndugu yangu, mtoto mmoja huitiwa watu mara moja. Tulimtoa. Ndama yangu ameshachinjwa huko, hawezi kurudi zizini." Hakusema kwa ubaya. Nami nikatoka nikicheka peke yangu njiani, maana Ombati na ile mashine ya Ikonge wanaongea lugha moja. Hawaulizi kama ulimaliza. Wanauliza kama ulianza. Kama ningemwambia palepale, kaka, aliyemzuia kubadilisha ni mimi, nilikuogopa wewe na fimbo yako, labda angenisaidia, labda angenipiga nayo. Sikusema. Nilikuwa na nafasi na watu wazuri watatu, yule wa saiba, yule wa miwani na huyu, na kote nilinyamaza.

Kwa hiyo nikafanya nilichoweza kufanya bila kufungua mdomo. Nilikuambia pesa za mwaka huu zimetoka kwenye bonasi ya chai na kazi ya ukuta. Huo nao ni uongo, kwa hiyo utoe kichwani. Nimekodisha chai. Si kipande, yote, toka kwenye mto mpaka kwenye kaburi la babu yako, kwa jirani yetu Makori, kwa miaka minne. Majani ni yake, bonasi ni yake. Kuanzia Jumatatu mimi na mama yako tutachuma kwa kilo kama vibarua, na Makori ameomba radhi mpaka nikamwonea huruma, anasema "Mzee, si lazima uchume wewe." Nani basi achume? Ile michai inanijua. Zile pesa zinatosha mwaka wa kwanza, na nusu ya wa pili ukiongeza akiba yako ya duka la dawa. Baada ya hapo sijui. Usije ukadhani baba ana mpango. Baba hana mpango, ana mikono tu.

Ilikuwa kwenye mambo ya kukodisha ndipo mama yako alipofungua sanduku la bati kutafuta karatasi za shamba. Nilikuwa nje naongea na Makori. Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani na ile bahasha mapajani. Amesoma kile kijikaratasi chako. Hakulia wala hakufoka. Aliniuliza tu, "Baba Kemunto, hii ni nini?" Na mimi nikaanza kuzungumzia mvua. Wallahi, ningekuwa Mwislamu ningeapa hivyo. Nilisema mwaka ule mvua ilikuwa nyingi.

Akaniacha nikamaliza. Akasema, "Mtoto aende akijua. Usipomwambia wewe kabla hajaondoka, nitamwambia mimi kwa simu, na nitaanza na neno 'baba yako'." Toka siku hiyo ananipikia, ananifulia, ananiombea kwa sauti mezani, lakini haniangalii. Umeshaona. Juzi uliniuliza, "Kwani mmegombana na Mama?" Nikakuambia ni wasiwasi wa safari.

Wiki iliyopita nilijaribu kuanza na mtu mgeni, nikidhani ni rahisi. Nilienda Nyamira kwenye ile ofisi ya mizigo. Yule bwana mwembamba bado yupo kaunta ile ile, ana mvi sasa. Nikamwambia mimi ni baba wa yule msichana aliyelia hapa miaka mitano iliyopita kwa sababu ya bahasha. Akakumbuka mara moja. Akaniambia, "Mzee, ile bahasha niliitafuta siku tatu. Nilisogeza makabati yote. Nilipiga simu Kisii, nikapiga simu mpaka Nairobi. Mke wangu aliniuliza kwa nini sili." Nikamwambia haikuwahi kufika kwake. Akachukua kitambaa akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema, "Basi mwambie yule dada mwenyewe." Hakunitukana. Nilitamani anitukane, ningejua pa kushika.

Nikafikiri nikishasema mara moja, ya pili itakuwa nyepesi. Si kweli. Nilirudi nyumbani, nikakukuta unapiga pasi sare yako mpya huku ukiimba, nikageuka nikaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe tulimuuza mwaka jana.

Sasa nimefika mwisho wa habari na bado sijui nataka nini kwako. Asubuhi nilitaka unisamehe. Baada ya chakula nikataka unifokee kama ulivyomfokea yule bwana, maana kelele zile zilikuwa zangu na alibebeshwa yeye. Saa hii nataka tu uchelewe kidogo huko Sironga. Sijui kama hii chai niliyokodisha ni zawadi ninayokupa au faini ninayolipa. Mchana nikiwa shambani naona ni zawadi na najisikia baba. Nikiingia nyumbani mama yako akiweka sahani bila kuniangalia, naona ni faini, tena ndogo. Labda ni vyote viwili. Labda haijalishi iitwe nini, mradi ikulipie karo. Lakini nilitaka ujue imetoka wapi, ili usije siku moja ukawa unanishukuru mbele za watu na mimi nimeketi hapo nikipokea.

Najua pia kwamba huenda ungehamishwa kwenye uuguzi mwaka ule na bado mambo yakaharibika kwa njia nyingine. Watu huniambia mambo kama hayo, "Mungu ana mpango wake." Ana, sikatai. Ila sitaki kumsingizia Mungu kitu kilichokuwa ndani ya sanduku langu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, katikati ya nguo, uisome ukishafika. Nimejizuia. Ukiisoma huko utakuwa umeshalipa, umeshapewa kitanda, hujui mtu, na hutakuwa na namna ila kunisamehe kwa simu ili uweze kulala. Nilikunyima kuchagua mara moja. Leo nitakupa mkononi mara tu unapoingia, kabla hujavua viatu, na ile bahasha yako iko hapa pamoja nayo, uione. Pesa anazo mama yako, mimi sina amri juu ya hizo pesa. Ukitaka kwenda nazo, nenda nazo, na hunidai wala sikudai. Ukisema hutaki kusomeshwa na pesa zangu, sitabisha, na chuo tutakitafutia njia nyingine, au wewe utaitafuta na mimi nitakaa pembeni, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ile ya plasta. Ukitaka nisikusindikize kesho, nitabaki. Mama yako anatosha.

Jambo moja tu nakuomba, na sina haki ya kuomba. Ukimaliza kusoma usiniambie, "Si kitu, Tata." Nakujua. Ulipokuwa darasa la pili mlango ulikubana kidole mpaka ukucha ukatoka, ukaja kwangu na damu inatiririka, ukasema si kitu, kwa sababu uliona uso wangu umeshtuka na ukanihurumia. Usinihurumie. Ni kitu, Kemunto. Ni miaka yako mitano, na jina lako kanisani, na yale machozi kwenye kaunta. Lia, nyamaza, toka nje, vunja kikombe, ila usiseme si kitu.

Naona mtu anashuka kwenye njia ya migomba. Ni wewe. Umebeba kifurushi kichwani alichokupa shangazi yako, na umevua viatu umevishika mkononi ili upate kutembea upesi. Unawahi nyumbani kwa sababu unadhani nimekaa hapa nakungoja kwa furaha. Nisamehe hata kwa hilo.

Baba yako,
Mokaya